Kabula Alinyoosha Mkono Mara Mbili

Nyinyi mnaoniamkia "shikamoo, Fundi" huku kidole bado kinateleza kwenye simu, marahaba, kaeni kidogo. Nimestaafu, nina muda wa kuwachosha. Nimekuwa fundi wa vifaa vya hospitali hapa Tabora tangu enzi ambazo mgonjwa akimwona mwanamke ameshika bisibisi anauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nimefungua mashine za presha, mizani ya watoto, majokofu ya chanjo, na pampu ambazo hata aliyeziunda angezikimbia. Lakini mkinikuta hapa kwangu Itetemia mkaniuliza ni kazi gani niliipenda kuliko zote, nitawaambia ni kutengeneza milio.

Sisemi kurekodi. Kurekodi hata simu zenu zinaweza. Nasema kuandika namba kwenye kompyuta, namba zikawa wimbi, wimbi likaenda kwenye spika, mtu akageuza kichwa kutafuta sauti imetoka wapi. Mjukuu wangu ananiambia, "Bibi, siku hizi kuna app ya hiyo." Najua ipo. Hata chapati za kununua zipo, na bado mnakuja kula zangu.

Ilianza kwa shida. Mashine ya hospitali ya kupimia usikivu iliharibika, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, na huko ikakaa. Mashine yenyewe, ukiiondolea lile boksi lake la kifahari, kazi yake ni kutoa milio minene na myembamba kwa nguvu unayoijua, na anayepimwa anaonyesha kama ameisikia. Daktari wa masikio aliniita akaniuliza kama naweza kupata kitu cha kuwachujia watoto mashuleni, ili wenye mashaka wajulikane mapema na wapimwe vizuri mashine ikirudi. Nikamwambia naweza. Nilipotoka ofisini kwake ndipo nilipoanza kujiuliza naweza vipi.

Nikaenda Mtendeni kwa Mwalimu Ramadhani. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu sekondari, mtu mfupi, mwepesi wa hasira, mwepesi zaidi wa kusamehe, na kwenye kompyuta yake alikuwa na lugha ambayo hakuna mwingine mjini aliyeijali. Lugha nyingi za kompyuta zinakutaka uichukue namba moja, uifanyie kazi, urudi kuchukua nyingine. Lugha ya Mwalimu ilikuwa ya safu. Unaipa namba maelfu kwa mpigo, maana sekunde moja tu ya sauti ni maelfu ya namba, unaiambia zidisha, inazidisha zote. Unaiambia tafuta sini, ile hesabu inayozaa wimbi, inatafuta sini ya zote, na wimbi lako limekwisha, kwa mstari mmoja. Mimi siku ya kwanza nilimwandikia mistari ukurasa mzima.

"Fundi," aliniuliza akiutazama ukurasa ule, "ukipika maharage, unatia chumvi harage moja moja?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kwa nini umenifanyia hivi? Tia chumvi sufuriani!"

Na lugha hiyo inakokotoa kutoka kulia kwenda kushoto. Haijali kwamba shuleni mlifundishwa kuzidisha kwanza. Ukiandika mbili mara tatu jumlisha nne, nyinyi mtasema kumi. Yenyewe inaanzia kulia, inajumlisha tatu na nne, inakupa kumi na nne, wala haikuombi radhi. Mwalimu alilipenda jambo hili kupita kiasi.

"Mimi nimesoma madrasa tangu mdogo, kulia kwenda kushoto ndiko kwetu," alisema akijimiminia kahawa. "Nyinyi wa katekisimu mtachelewa kidogo."

"Tutafika, Mwalimu."

"Mtafika. Jioni."

Na jioni kweli nilifika. Mlio wangu wa kwanza nilitaka uwe mnene, ukatoka mbu, kwa sababu nilisahau mabano. Kwa hiyo mkisikia mlio ambao hamkuuagiza, msianze kuichokonoa spika. Someni mstari wenu kutoka kulia, kwa sauti, polepole, kama mnamsomea mtu asiyewaamini.

Angalieni pia nguvu ya mlio. Kuna kikomo cha ukubwa wa namba ambayo kompyuta inaweza kuipeleka kwenye spika. Ukikivuka, namba inarukia upande wa pili, chanya inakuwa hasi, na wimbi lako zuri la mviringo linararuka. Hili nilijifunzia ukumbini kwa kwaya yetu. Waliniomba niwatengenezee milio ya kuanzia, ile ambayo kila sauti inashika yake kabla ya wimbo. Nikajumlisha milio mitatu, nikasahau kuigawa kwa tatu. Ikatoka sauti ya bati linaloburutwa kwenye zege. Mama mmoja wa sauti ya pili alijitupa chini ya benchi. Spika haikupona, na mwenyekiti wa kwaya alinitaja kwenye sala ya kufunga, kwa jina langu lote. Ukijumlisha mawimbi, gawanya.

Milio ya hospitali ilipokamilika niliipeleka kwa Mwalimu tuijaribu kabla sijaenda nayo mbele ya watu. Minene ikatoka safi. Ya kati safi. Tulipofika kwenye ule mwembamba wa juu kabisa, kimya. Nikaongeza nguvu. Kimya. Mwalimu akasema nimekosea mabano. Nikamjibu kwamba kompyuta yake imechakaa kama mwenyewe. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa, na muda wote huo wajukuu zake walikuwa uani wameziba masikio, mdogo wao analia. Mkewe akaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Nyinyi wazee, mnawafanya nini watoto?"

Mlio ulikuwepo. Masikio yetu ndiyo yaliyokuwa yameondoka. Tulicheka mpaka tukafuta machozi, kisha Mwalimu akasema, "Na hayakuaga." Nilimhurumia, na mimi nikajihurumia kidogo.

Tangu siku hiyo sijawahi kutumia masikio yangu kama mizani. Niliwaita wauguzi vijana, wale ambao hata ukinong'ona umbea korido ya pili wanausikia, nikawaweka chumba kimya, nikapunguza kila mlio mpaka wakasema sasa hausikiki. Hapo ndipo nilipoweka alama ya mtu mwenye masikio mazima. Ni kipimo cha kienyeji, ndiyo, lakini kina akili ndani yake.

Sasa niwaambie habari za Kabula, maana hayo mengine yote ni mchezo.

Shule ilikuwa upande wa Kwihara. Mwalimu wa darasa la nne, dada mmoja mpole aitwaye Agnes, alinipa stoo ya chakula nipimie humo, na alifanya vizuri sana. Magunia ya mahindi yaliyopangwa mpaka juu yanameza kelele kuliko ukuta wowote. Mkitumwa kupima masikio kijijini, tafuteni magunia kwanza, viti baadaye. Nilipima watoto asubuhi nzima, wakinyoosha mikono na kuchekacheka, na kabla Kabula hajaingia Mwalimu Agnes alifunga mlango.

"Huyu ndiye hasa niliyetaka umwone," aliniambia. "Ukimwita, mara anageuka, mara hageuki. Imla anaandika nusu. Baba yake amechoka. Anasema kichwa hakishiki, bora aache shule aende kwa baba yake mkubwa Igunga, akasaidie kuchunga. Ijumaa baba mtu anakuja kumchukua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nahisi hasikii. Lakini ng'ombe wakipita nje, yeye anageuka kabla yangu. Sasa baba mtu nitamwambia nini?"

Kabula aliingia. Mrefu kuliko wenzake, miguu ina vumbi mpaka magotini, macho hayaachi uso wako. Nikamvisha hedifoni ya kompyuta yangu ya mkononi, nikamwelekeza kwamba kila akisikia kitu anyooshe mkono. Mlio mnene, mkono juu. Wa kati, juu. Mwembamba, juu. Mwembamba kabisa, ule uliotushinda mimi na Mwalimu Ramadhani, juu. Hakukosa hata mmoja.

Nilimwona Mwalimu Agnes akiinamisha kichwa. Kama mtoto anasikia yote, basi maneno ya baba yake ndiyo ya kweli, na Ijumaa hiyo inakuja. Lakini kipimo ni kipimo. Nikanyoosha mkono nimvue hedifoni.

Hapo ndipo mkono wake uliponirudia akilini. Kwenye mlio mnene alikuwa ameunyoosha mara moja. Kwenye myembamba aliunyoosha, akaushusha, akaunyoosha tena. Nilikuwa nimeuona nikadhani anacheza. Nikarudisha mlio mwembamba, safari hii sikutazama kompyuta, nilimtazama yeye. Mkono juu, mkono chini. Mlio ukaendelea kulia, yeye katulia. Mlio ulipokatika, juu tena, chini tena.

Nikasogeza kigoda nikakaa mbele yake.

"Kabula, hebu nionyeshe unachokisikia. Kiko vipi? Nifanyie na wewe."

Nikaupiga tena. Kabula akainamia meza, akagonga kwa ukucha. Ko. Akasubiri, kichwa kainamisha, kwa umakini ambao sijauona kwa daktari. Ko.

Kumbe hakuwa anausikia mlio hata kidogo. Alikuwa anasikia unavyoanza na unavyokatika. Safu yangu ilikuwa inaingia kwa nguvu zote ghafla na kukatika ghafla, na spika ya hedifoni ikishtuliwa hivyo inagonga, na katika kule kugonga kuna sauti za kila namna, nene na nyembamba pamoja. Watoto wengine walisikia vyote, wakanyoosha mkono mara moja wakaridhika. Kabula alipata ule unene wa mgongano tu, akaunyooshea mkono kwa uaminifu kila ulipotokea. Mtoto alikuwa ananijibu sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa namuuliza vibaya.

Nikampigia simu Mwalimu Ramadhani pale pale, nimesimama kati ya magunia.

"Mwalimu, milio yangu inagonga."

"Inaanzaje?"

"Kwa nguvu zote."

"Na inaishaje?"

"Inakatika tu."

Alivuta pumzi. "Wewe ukiingia chumba alicholala mtoto, unaufungua mlango kwa teke?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Safu nyingine, Fundi. Ipande kutoka sifuri mpaka moja, ikae, ishuke irudi sifuri. Uzidishe na ile ya kwanza. Mstari mmoja tu huo. Na mabano!"

Hiyo ndiyo raha ya safu, wanangu. Unakuwa na wimbi lako huku, unakuwa na mpando na mshuko huku, unazidisha, na kila namba inakutana na mwenzake bila wewe kuzishika mkono. Mpando wenyewe ni mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini unatosha mlio uingie bila kugonga. Niliandika, nikausoma mstari kutoka kulia kwa sauti, na Mwalimu Agnes akadhani nasali akainamisha kichwa kunisindikiza.

Tukarudia. Mlio mnene, mkono juu, mara moja. Wa kati, juu, kwa kusitasita. Mwembamba. Kabula alikaa mikono mapajani, ananitazama. Nikaongeza nguvu. Ananitazama tu. Mlio ulikuwa unalia ndani ya masikio yake, na yeye kwa adabu zote alikuwa ananisubiri nianze.

Nilifurahi, siwafichi. Nilifurahi kwamba mtoto wa watu hasikii. Kisha nikaona ni kitu gani ninachokifurahia, machozi yakanitoka, nikajifanya ni vumbi la mahindi. Mwalimu Agnes hakujisumbua kujifanya, alilia wazi, na Kabula akatutazama kwa zamu akijiuliza amekosa nini. Nikamkumbatia. Sikuwa na namna nyingine ya kumweleza.

Nisieleweke vibaya. Kompyuta ya mkononi haiwi mashine ya hospitali, na fundi hawi daktari. Nilichokuwa nacho ni mashaka yenye ushahidi. Mashine iliporudi kutoka Dar es Salaam ilisema yale yale, na Kabula alipata kifaa cha kuvaa sikioni, lakini yote hayo yangewezekana tu kama angekuwa bado yuko Tabora. Kwa hiyo Ijumaa nilirudi Kwihara asubuhi na mapema.

Baba yake alikuwa ameshafika, ameegemeza baiskeli ukutani, mtu mrefu mtaratibu aitwaye Masanja. Kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kulikuwa na mto mdogo umefungwa kwa kamba ili mtoto asiumie njiani, na nilipouona nikajua sishughuliki na mtu mbaya. Tukaamkiana mwangaluka, tukaingia stoo sisi na Mwalimu Agnes, nikamweleza. Alisikiliza kwa heshima na hakuniamini.

"Mama, nikukatalie kwa adabu," alisema. "Huyu anasikia. Ng'ombe akilia zizini anasikia. Ngoma ikipigwa kijiji cha pili anasikia. Nikimfokea anakuja mbio. Nikimtuma kwa upole ndipo hasikii. Hayo si masikio. Huo ni ujeuri."

"Ukifoka sauti yako inakuwa nene, baba Kabula. Unene anausikia."

"Maneno hayo siyaelewi, mama yangu."

Na kwa nini angeyaelewa? Hata mimi ningekuwa yeye nisingeyaelewa. Nikamsogezea kipaza sauti, nikamwomba aseme jambo lolote kama anavyomtuma binti yake nyumbani. Aliona haya, akakohoa, akamtazama Mwalimu Agnes, halafu akasema kwa upole kabisa: "Kabula, shika fagio, ufagie uani, kisha uchemshe chai ya shangazi."

Sauti ya mtu ikishaingia kwenye kompyuta ni safu tu kama safu nyingine. Nikachukua kila namba pamoja na majirani zake wa kushoto na kulia, mahali pake nikaweka wastani wao. Ukifanya hivyo, yale mawimbi madogo ya harakaharaka yanalainika na kupotea, yanabaki makubwa ya polepole. Unatoa wembamba, unaacha unene. Nikaongeza majirani mpaka ile sehemu asiyoisikia Kabula ikatoka. Nikamvisha baba yake hedifoni, nikampigia kwanza sauti yake ilivyo. Akatikisa kichwa kukubali, ni yeye. Kisha nikampigia ya pili.

Akakunja uso. "Hii imeharibika."

"Haijaharibika. Ni wewe huyo."

"Mtu huyu anaongea yuko ndani ya pipa. Sijui hata anataka nini."

"Hata Kabula hajui."

Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, akafumba macho, na niliona midomo yake ikijaribu kuyafuata maneno ambayo alijua kabisa ni yake, aliyoyasema muda si mrefu kwa kinywa chake, na bado hayashikiki. Alivua hedifoni akaiweka juu ya gunia taratibu.

"Nimemchapa," alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Kwa chai hii hii."

Nilimweleza tu habari za daktari, na kwamba kwa sasa mtoto akae mahali anapouona mdomo wa mwalimu, na watu wa nyumbani wasiseme naye wamempa mgongo. Alikuwa anaitikia "ehe, ehe", nikadhani hanisikii. Nilipomaliza akasimama, akauliza darasa la nne ni lipi.

Watoto walikuwa nje kwa mapumziko, Kabula peke yake amekaa dawati la mwisho na mkoba wake magotini, tayari kwa safari. Baba yake akamwashiria asimame. Akaliinua dawati lile zito peke yake, akalipitisha juu ya mengine, wanafunzi wakijazana madirishani kuchungulia, akalishusha mbele kabisa, hatua chache kutoka ubaoni. Akalifuta vumbi la chaki kwa mkono wa shati lake la safari. Kabula akaja akakaa. Ndipo Masanja akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa binti yake, akasema polepole, bila kufoka:

"Baiskeli ipo nje. Twende, au una kipindi?"

Kabula alimtazama mdomo mpaka neno la mwisho. Kisha akaushusha mkoba chini ya dawati.

"Nina hesabu, baba."